Foki ya MTB kwenye baridi kali: inazama sana halafu bado inagonga, nianzie wapi?

tairi_tope

Wakuu salaam. Naomba mwongozo kwa wale wanaoendesha baiskeli za mlima kipindi cha baridi, na siongelei baridi ya kuvaa sweta asubuhi, naongelea ile ya kuganda, hasi 10 kushuka chini, njia za msituni zimeshindiliwa theluji na kwenye vivuli ni barafu tupu.

Baiskeli ina shokapu mbele (foki) na nyuma, zote za upepo, milimita 140. Kipindi cha joto ilikuwa safi, niliiseti nikaisahau. Tangu baridi ianze imekuwa na tabia mbili zinazopingana na hapo ndo nimechanganyikiwa. Nikiikalia tu inazama kuliko zamani, ile ringi ya mpira kwenye bomba linaloteleza nikiiangalia naikuta imesukumwa juu kabisa. Ila nikipita kwenye mizizi midogo midogo mikono inapokea kila kitu kama vile sina shokapu. Na ikishabonyea inarudi kwa kujivuta, mzizi wa kwanza unaibonyeza, wa pili unaikuta bado haijarudi, wa tatu naupokea kwa mabega.

Sasa imekuwa laini au imekuwa ngumu? Mmoja kaniambia oili imeganda, mwingine kasema sili zimekwisha fungua yote, mwingine anasema jaza upepo tu acha mambo mengi. Baiskeli inalala ndani kwenye joto, naitoa nikitaka kuondoka. Nimepima upepo humo ndani uko vilevile, 80 psi mbele na 150 nyuma, kwa hiyo haivuji. Nianzie wapi kabla sijatoa hela ya fundi?

GrisiMkononi

Mkuu dalili zinapingana kwa sababu ni matatizo matatu yamekutana kwenye foki moja, yatenganishe kwanza. Kuzama ni upepo. Kuchelewa kurudi ni oili. Kugoma kwenye vitu vidogo ni sili na grisi. Na hakuna hata moja hapo linalokulazimisha kufungua foki leo.

Upepo ndo rahisi. Umepima ndani, unaendesha nje, hapo ndo pameharibika. Hewa iliyofungiwa ikipoa presha inashuka hata kama haijavuja kabisa. Hesabu yake inaenda kwa kelvini (nyuzi za kawaida jumlisha 273), na inataka presha kamili, yani unajumlisha ile 14.7 ya hewa inayotuzunguka ambayo geji ya pampu haikuonyeshi. Ndani kwako tuseme nyuzi 20, hiyo ni 293 kelvini, nje hasi 10 ni 263. Sasa 80 jumlisha 14.7 ni 94.7, zidisha kwa 263 gawa kwa 293 unapata kama 85, toa ile 14.7 yako, umebaki na 70. Psi 10 zimepotea kati ya mlango wako na njia. Ya nyuma ndo usiseme, 150 inakuwa kama 133. Na matairi hayajasalimika, ukijaza 22 ndani unaendesha na 18 nje, halafu unashangaa rimu inagonga jiwe.

Kwa hiyo toa baiskeli nje, iache nusu saa au zaidi mpaka ipoe yote, halafu pima na ujaze hukohuko nje. Na upime ukiwa umevaa kila kitu, koti, viatu vizito, begi lenye maji, maana mavazi ya baridi peke yake yanaweza kukuongezea kilo kadhaa na foki haijui kama ni koti au ni wewe. Foki izame kama asilimia 20 ya safari yake (urefu wote inaoweza kubonyea), nyuma 25 mpaka 30. Ukipata namba iandike uibandike mahali, hiyo ndo namba yako ya baridi.

Kila ukiongeza psi 10 hivi ibonyeze foki taratibu mara kadhaa. Ndani kuna chemba mbili, moja inasukuma moja inavuta, na zinapitishiana hewa pale foki inapobonyea kidogo. Ukijaza ukaondoka zako bila kubonyeza, ile ya kuvuta inabaki na hewa ya zamani na foki inakuwa ngumu pale mwanzoni, halafu unarudi kutulaumu hapa.

inchi_nne

Mnajitesa bure. Toa hiyo mitambo yote weka foki ngumu na tairi ya inchi 4 au 5, psi 6 au 8 kwenye theluji laini, shokapu ni tairi lenyewe, hakuna oili wala sili wala hesabu za kelvini 😂. Angalia Arrowhead 135 kule Minnesota, maili 135 kwenye theluji, wengi wa baiskeli wanaenda na tairi nene na foki ngumu. Wale siyo wajinga.

Dada_Cheni

@inchi_nne wale wanapita njia ya masafa, nafasi ya kuharibikiwa katikati ya usiku ndo kitu wanachoogopa, kwa hiyo lazima wapunguze vitu vya kuharibika. Mwenzio anashuka kwenye mizizi. Tairi nene linameza mtikisiko ndio, lakini halina kitu cha kulituliza, ukiingia kwa spidi kwenye mashimo yaliyoganda linaanza kudunda na wewe unadunda nalo. Kwenye theluji laini nakubaliana na wewe kabisa, hapo shokapu karibu haina kazi. Kwenye njia iliyoshindiliwa ikaganda na alama za viatu vya watu, hapana.

Kwako @tairi_tope, hayo ya GrisiMkononi yafuate ila naongeza. Ukishajaza nje halafu ukairudisha ndani, usishtuke ukipima ukakuta 80 yako imekuwa 90 na ushee, ni hesabu ileile imegeuka. Haina madhara, foki nyingi zina stika kwenye mguu inayokuonyesha mwisho wa presha na hapo bado hujaufikia, we iangalie tu ya kwako. Shida inakuja siku jua likitoka ghafla, nyuzi zikapanda mpaka 8, ukaenda na upepo wa hasi 15. Utahisi umekalia ubao. Kwa hiyo hiyo namba usiiandike moja, andika ya baridi ya kawaida na ya baridi kali.

Halafu kuna watu wanaangalia ile "inahisi kama hasi 22" kwenye simu ndo wanaitumia kupiga hesabu. Hiyo ni ya ngozi yako. Foki haiwezi kuwa baridi kuliko hewa iliyoizunguka hata upepo uvume vipi, itapoa haraka zaidi tu, basi. Tumia joto halisi la hewa.

Sasa oili. Ikipoa inakuwa nzito, inapita kwa shida kwenye vitundu vya ndani, ndo maana foki inarudi kwa kujivuta. Chini ya mguu wa kulia kwa foki nyingi kuna nobu nyekundu, hiyo ndo ya kasi ya kurudi. Kama ya kwako ina picha geuza upande wa sungura, siyo wa kobe. Fungua klik mbili, panda, sikiliza, fungua nyingine. Usiifungue yote kwa mkupuo maana ukishuka bondeni au jua likiwaka oili inalegea na foki inaanza kukurusha. Ile ya bluu ya juu, ya kuzuia kubonyea, kwenye baridi mi naiachia yote wazi, oili yenyewe tayari inazuia vya kutosha.

Ila jaza upepo kwanza ndo uguse nobu. Upepo ukiwa pungufu unaisukuma foki irudi kwa nguvu ndogo, kwa hiyo sehemu ya huo uvivu unaousema siyo oili, ni zile psi 10. Ukianza na nobu utaifungua kupita kiasi halafu ukijaza upepo inakuwa farasi.

tairi_tope

Daah asanteni sana, hii sijawahi kuisikia popote. Nimefanya leo. Nimeiacha nje nikanywa chai nikarudi nikapima, kweli mbele nimekuta 69. Nimejaza nikiwa nimevaa kila kitu, nikabonyeza bonyeza, nobu nyekundu klik tatu. Kuzama kumeisha kabisa na kwenye mizizi inayofuatana inarudi kwa wakati.

Kilichobaki ni kimoja. Mwanzoni mwa safari bado inagoma kwenye vitu vidogo, inataka nguvu ndo ianze kutembea, kama imenata. Baadaye inalegea kidogo. Jamaa mmoja njiani kaniambia nipulizie ile dawa ya kopo ya kulegeza nati kutu kwenye bomba itateleza. Nipulizie?

Na swali lingine, nikifungua pampu kwenye foki inatoa "psss" kubwa, na nikiirudisha kupima naona imepungua. Kila nikipima inapungua. Si ndo inavuja hiyo?

GrisiMkononi

Hapana, na hapana.

Hiyo psss ni hewa iliyokuwa kwenye hozi ya pampu, mdomo wa valvu ya foki unakuwa umeshajifunga. Ukirudisha pampu hozi iko tupu, inajaa kwa kuchukua hewa kutoka kwenye foki, ndo maana geji inasoma pungufu. Chemba ya shokapu ni ndogo kwa hiyo inaonekana sana, hasa ya nyuma. Wewe ukishafikia namba yako fungua pampu uondoke, usirudishe kuhakikisha.

Dawa ya kopo usiweke kabisa. Itateleza safari ya kwanza kweli, ndo maana watu wanaiamini, lakini inaingia nyuma ya sili inasafisha grisi yote iliyopo pale. Ukitaka kujua kwa nini, iangalie sili yenyewe vizuri. Ule mdomo mweusi unaouona kwa nje ni wa kufuta vumbi, una kispringi chembamba kama uzi kimeuzunguka kuubana. Chini yake kuna ringi ya sponji inayokaa imelowa oili na kulipaka bomba kila linapopita. Baridi inakaza mpira wa mdomo, inafanya grisi kuwa nzito, na kama sponji imekauka au imelowa maji badala ya oili basi ndo kunata kwenyewe huko. Maji yakiganda humo yanakuwa msasa.

Kabla ya kuondoka panda juu ya baiskeli ukiwa umebana breki ya mbele, ibonyeze kwa uzito wako wote mara ishirini hivi, iende mbali na kurudi. Inalegeza mpira na kulowesha sponji. Na kitu ambacho watu wengi hawakifanyi, ukipita kwenye maji au theluji ya majimaji ukasimama, inabaki filamu ya barafu kwenye bomba. Ifute na kitambaa kikavu kabla hujaanza tena. Ukibonyeza foki na barafu ikiwa pale, mdomo wa sili ndo unageuka kuwa kwanguo, na mpira ulioganda unachanika kirahisi.

Ukishindwa na hiyo ndo ufikirie sevisi ya miguu ya chini. Siyo kufungua damper (ule mtambo wa oili ndani unaotuliza kubonyea na kurudi), ni kuvuta miguu ya chini tu, kusafisha, kulowesha sponji upya na kubadilisha ile oili kidogo ya kulainisha inayokaa chini, mililita chache tu kila mguu, kiasi kamili kipo kwenye kitabu cha foki yako. Wengi wanaweka sintetiki ya 0W-30 humo na kwenye baridi inaenda vizuri. Kazi ya saa moja na nusu mezani kwa mtu anayejua kushika spana.

mzee_wa_springi

Nawasoma tu nyie watoto wa upepo. Springi ya chuma haina habari na hizi kelvini zenu, hasi 20 au joto 30 inabonyea vilevile. Foki yangu nzito kweli lakini pampu nimeshasahau ilipo.

Tulioanza zamani tunakumbuka foki za miaka ya 1990 zilizokuwa na vipande vya mpira ndani badala ya springi. Hizo ndo zilikuwa baridi ya kweli, mpira ukiganda una foki ya mapambo. Mnayolalamikia leo ni raha.

Dada_Cheni

Mzee springi tunakukubalia, ila oili na sili zako ni zilezile zetu, usijisahau 😄

tairi_tope

Haha. Mzee na oili je, kuna wanaobadilisha ya damper kuweka nyepesi kwa ajili ya baridi? Maana huku baridi ni miezi mingi siyo wiki mbili.

mzee_wa_springi

Wapo, mi mmojawapo, na kwa mwenye baridi ya miezi inalipa. Lakini usinunue kwa kuangalia "5wt" iliyoandikwa kwenye chupa, hizo namba kila kiwanda kina zake, 5wt ya huyu inaweza kuwa nzito kuliko 7.5wt ya yule. Angalia senti-stoki kwenye nyuzi 40, inaandikwa cSt, hiyo ndo inalinganishika. Na angalia namba nyingine inaitwa VI, ikiwa kubwa maana yake oili haibadiliki sana joto likipanda na kushuka. Kwa mtu anayetoka kwenye nyumba yenye joto anaingia kwenye hasi 15, hiyo VI ndo ya kuitazama kabla ya kitu kingine. Oili ya injini usiweke kwenye damper, ile 0W-30 iliyotajwa hapo juu ni ya kulainisha miguu ya chini, msije mkachanganya mkaharibu vitu.

Ila jaribu nobu kwanza msimu mzima. Kama nobu imefika mwisho wa sungura na foki bado inachelewa, hapo ndo ubadilishe oili.

friwili_mbovu

Mmeongea shokapu tu lakini kinachoangusha watu kwenye baridi kali ni friwili. Grisi ikiwa nzito zile kucha za ndani zinashindwa kuinuka kushika meno, unasimama kwenye pedeli kupanda kilima pedeli inazunguka tupu na wewe unatua kwenye fremu, na mnajua unatua na nini. Mwambie fundi aweke grisi nyepesi sana au oili nzito kidogo badala ya grisi ya kawaida, kidogo tu. Dalili ni ule mlio wa tiki tiki, ukiona umekuwa wa chini au umepotea kabisa usisimame kwenye pedeli.

Breki za oili nazo, kama ni za DOT (oili ya breki kama ya magari) huna shida kubwa, DOT inapimwa wepesi wake mpaka hasi 40 kabla haijaruhusiwa kuitwa DOT. Za oili ya madini inategemea na aina, nyingine mkono wa breki unarudi kwa kujikokota. Na nguzo ya siti ya kupanda na kushuka itakuwa inapanda kama mzee anayeamka kwenye kochi, hiyo zoea tu, hakuna cha kuokoa.

baiskeli_sebuleni

Mi swali langu ni la kulaza, ndani au nje? Nikiiweka ndani baada ya safari inatoka jasho fremu nzima.

Dada_Cheni

Unyevu wa hewa ya humo ndani ukigusa chuma baridi unageuka kuwa maji. Kwenye fremu siyo tatizo, tatizo ni maji yanayoingia kwenye nyumba za waya za giya, kesho ukiitoa yanaganda humo na giya haziendi popote. Banda lisilo na joto ni zuri kama baiskeli ni kavu na safi. Kama imejaa chumvi ya barabarani basi ndani ni lazima, maana chumvi inakula cheni na boliti kwa usiku mmoja unaziona zina kutu. Ioshe kwa maji ya kawaida, siyo ya moto na siyo ya presha, usielekeze maji kwenye sili, kausha, paka cheni oili, halafu iache ndani mpaka ikauke kabisa mpaka kwenye waya, siyo saa moja. Kibaya ni kuiingiza nusu saa halafu kuitoa tena ikiwa imelowa.

Wenye baiskeli za umeme betri mlaze ndani na msiichaji ikiwa chini ya sifuri, iache ipate joto la chumba kwanza.

tairi_tope

Mwisho kabisa, samahani kwa maswali. Hii ya nyuma, nikishaona mbele naweza mwenyewe, nayo nifungue?

GrisiMkononi

Kopo la upepo la nje ndio, toa upepo wote kwanza mpaka mwisho, ukibonyeza shokapu huku umeshikilia valvu, halafu fungua kopo, safisha, badilisha sili, grisi ya shokapu, rudisha. Ukikuta halifunguki au limejivuta likabaki fupi acha hapohapo, kuna hewa imenasa ndani upande wa kuvuta na inaweza kukurushia hilo kopo usoni.

Damper ya nyuma usiguse. Nyingi zina naitrojini ya presha kubwa nyuma ya pistoni ndogo, mamia ya psi, na kuirudishia kunataka vifaa ambavyo huna. Hiyo mpelekee mwenye vifaa, na umwambie unaendesha kwenye hasi ngapi ili ajue ni oili gani ya kukuwekea.